Herufi ya Somo

Watu walimwita Fundi kwa ajili ya cherehani yake, lakini tangu mdogo wake ashike mimba alikuwa amejipa cheo kingine: somo.

"Akiwa wa kike nitampa jina lako, dada," mdogo wake alimwambia, na Fundi akalishika neno hilo kwa mikono miwili. Kila mteja aliyekuja kupunguza suruali kiunoni aliondoka na habari. Somo yangu leo amepiga teke. Somo yangu hataki mama yake ale vitunguu. Watu walichoka, ila nani angethubutu kumwambia? Alikuwa ameolewa na kuachika mara mbili bila kupata mtoto, na ulimi wake ulikata kuliko mkasi wake.

Mtoto akazaliwa, wa kike kweli, mdogo kama kiatu, kifua kinambana. Kumtoa nje haikufaa, kwa hiyo katekista akakubali kuja kumbatiza nyumbani. Nyumbani kwenyewe ni chumbani kwa Fundi, maana mdogo wake na mumewe walijibanza kwake tangu shemeji apoteze kazi. Fundi akasukuma cherehani ukutani, akapiga deki, akasugua beseni mpaka likang'aa. Gauni jeupe alishalishona mwenyewe, mishono midogo kama punje za chumvi.

Siku ilipofika akaja mama mkwe wa mdogo wake, akakalia kiti kizuri bila kukaribishwa.

Fundi ndiye aliyeshika beseni. Katekista akakohoa kidogo. "Mtoto huyu mnampa jina gani?"

Fundi akatabasamu na kuinamisha kichwa, kama mtu anayejua ataitwa mbele kupewa zawadi. Mdogo wake akatazama sakafu. Akataja jina. Lilikuwa la mama mkwe.

Maji yakacheza ndani ya beseni. Katekista naye alikuwa mteja wa Fundi, na habari za somo alizisikia mpaka zikamtoka puani. "Mna uhakika?" akauliza.

"Tunao," mama mkwe akajibu. "Jina la mgumba apewe mtoto wa kike? Mnataka na huyu azeeke na tumbo tupu? Au nasema uongo, Fundi? Wewe ni mtu mzima."

"Dada, usikasirike," mdogo wake akanong'ona. "Ni jina tu."

"Kama ni jina tu, si ungempa langu."

Shemeji alikuwa anakagua kucha zake. Katekista akachota maji, mtoto akalia kwa sauti nyembamba, na ubatizo ukaisha.

Mama mkwe akampokea mjukuu wake, akamsogeza kwenye mwanga wa dirisha amtazame vizuri. Ndipo akaona. Kifuani mwa gauni, kwa uzi wa waridi, Fundi alikuwa ametarizi herufi ya kwanza ya jina lake mwenyewe.

"Nini hiki?"

Fundi akaweka beseni chini.

"Kitoe. Mjukuu wangu hapigwi picha na kitu hiki kifuani."

"Mama, tuliache tu hivyo hivyo," shemeji akajaribu, simu ya kupigia picha mkononi.

"Wewe nyamaza. Unakaa kwa mwanamke halafu unanifundisha?"

Mtoto akavuliwa gauni, akafungwa kwenye shuka. Fundi akaketi kwenye cherehani yake, akachukua wembe, akakata nyuzi moja moja. Nyuzi zikatoka, matundu ya sindano yakabaki kwenye kitambaa, yamejipanga, mtu yeyote anaweza kuyasoma.

"Bado inaonekana," mama mkwe akasema, amemsimamia begani. "Tarizi herufi yangu hapo juu. Unaijua?"

Fundi aliijua. Akamgeukia mdogo wake, aseme hata neno moja. Mdogo wake alikuwa amemwinamia mtoto, anambembeleza kwa jina jipya, analirudiarudia taratibu ili alizoee.

Fundi akalamba ncha ya uzi, akautunga kwenye sindano.

"Ifanye kubwa kidogo," mama mkwe akasema. "Ifunike."