Gitaa la Sadallah

Benedikto alikuwa mtu wa kuanika betri. Miaka ile ya foleni za sukari kila dirisha la Chang'ombe lilikuwa na betri zilizochoka zikiota jua, maana mpya zilipatikana kwa kujuana tu, lakini yeye alizidi. Alizipanga dirishani kabla ya kwenda zamu, akamwagiza mkewe Sesilia azigeuze adhuhuri kama dagaa, na jioni akazitia kwenye redio, akasikiliza, akakunja uso. Betri zimekufa, alisema. Ngoma zinakuja, sauti ya mwimbaji inakuja, lakini gitaa haliji.

Redio ilikuwa inasikika mpaka nyumba ya nne, na jirani alikuwa anagonga ukuta tangu taarifa ya habari.

Gitaa lenyewe lilikuwa la Sadallah, mpiga solo wa bendi ya Tufani kutoka Tanga. Vijana hao walikuwa wapiga roki hasa, na nchi ilipopiga marufuku miziki ya kigeni ya vijana walilikwepa rungu kwa kuimba Kiswahili: juu maneno ya shamba na mapenzi, chini roki ile ile. Wimbo wao mmoja, "Usiku wa Korogwe", ulianza kwa gitaa peke yake kabla mtu hajafungua kinywa. Gitaa lilipanda na kupanda mpaka ukadhani waya utakatika, likatua taratibu, na hapo ndipo ngoma zilipoingia. Benedikto aliusikia mara ya kwanza Buguruni, mwaka aliotoka kwao Ndanda, akiwa na gunia la mihogo begani kwa kibarua cha sokoni. Alisimama mbele ya duka lenye redio, gunia begani, mpaka wimbo ukaisha. Mwenye mihogo alimtukana matusi ya kutosha ukoo mzima, na Benedikto akaona matusi hayo yalikuwa bei ndogo.

Tangu hapo alitamani jambo moja, kuwaona Tufani kwa macho yake. Na hamu hiyo hakuwa nayo peke yake. Alikuwa na Polikarpo, bonge la mtu, mwepesi wa hasira na mwepesi wa kusamehe, na Gregori, aliyependa kuvaa kuliko kula. Wote watatu walitoka pande za Ndanda, wote waliajiriwa msimu mmoja kwenye kiwanda cha nguo, banda la kufuma, zamu moja. Kila bendi hiyo ilipotajwa walikuwa na ahadi ya kwenda pamoja, na kila mara kitu kiliwatibulia.

Safari ya kwanza walifika mpaka mlangoni pa ukumbi. Ilikuwa enzi za operesheni ya mavazi, na vijana wenye mikasi walikuwa wamesimama pale wakipima suruali kwa chupa ya soda: chupa isipopita mguuni, suruali inachanwa. Ya Gregori ilichanwa mpaka pajani, na marafiki zake hawakuwa watu wa kumwacha arudi nyumbani peke yake ameshika makalio. Safari ya pili bendi yenyewe haikufika, maana ilikuwa vita, mafuta hayakuwepo na gari lao lililala Chalinze. Ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini waliendelea kungoja, na katika kungoja huko nywele zilianza kuwapungua.

Nywele hazikuwa kitu. Banda la kufuma lilikuwa na mashine zilizopangwa kutoka ukuta hadi ukuta, zote zikigonga chuma kwa chuma bila kupumzika, na aliyeingia mara ya kwanza alishika tumbo kabla ya kushika masikio. Hakuna sauti ya binadamu iliyofua dafu mle ndani. Wafumaji waliongea kwa midomo tu, bila kutoa sauti, wakiyakata maneno taratibu na kuongezea vidole, na waliielewa lugha hiyo toka upande mmoja wa banda hadi mwingine. Walisutana kwayo, walisemana, walipeana rambirambi. Mgeni aliwaona ni watu wanaotafuna hewa.

Watu husema sikio la kufa halisikii dawa. Aliyetunga msemo huo hakuwahi kusimama zamu moja katika banda lile. Wakubwa wa kiwanda walikuwa na mabango ya kuhimiza jasho na uzalishaji kila nguzo, lakini kitu cha kuziba masikio hawakuwa nacho, na walioziba kwa taka za pamba walichekwa na wenzao kwamba wanajitunza kama bibi harusi. Muuguzi wa kiwanda alimchungulia Benedikto sikioni, akasema ni nta, akampa mafuta ya kudondoshea. Mafuta yalifanya kazi moja, kuchafua mto.

Moyoni Benedikto alijua. Jogoo wa jirani alikuwa hamwamshi tena. Kengele ya kanisa aliijua kwa kuona watu wanashika njia. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na yeye alikuwa bingwa wa kuficha. Alisema jogoo amezeeka, kengele ina ufa, na watu wa siku hizi wanang'ong'ona. Gitaa lilipopotea kwenye redio alizisingizia betri. Ilipotangazwa kwamba Tufani watapiga Temeke, Jumapili mchana, alijiambia neno moja na akaliweka kama nadhiri. Redio ni bati tu, alijiambia. Spika kubwa ni jambo jingine. Nikisimama mbele ya Sadallah nikalisikia lile gitaa, basi mie mzima, na mengine yote ni upuuzi.

Sesilia alisema naye atakwenda. Benedikto alishangaa, kwa kuwa mkewe hakuwa mtu wa dansi, ila alifurahi. Hakujua kwamba Sesilia alikuwa anaogopa kumwacha aende bila yeye. Mwanamke huyo alishaacha zamani kumwita mumewe kutoka nyuma. Alijizoeza kuzunguka akamkabili kwanza, na ile lugha ya midomo ya kiwandani, waliyoanza kuichezea wakati wa uchumba ili wakwe wasisikie, alikuwa anaitumia sasa hata kumuuliza kama chumvi imekolea. Mumewe alijibu vizuri tu, bila kugundua kwamba maneno hayakuwa na sauti.

Jumapili hiyo Gregori alivaa bugaluu lake la zamani, suruali ya miguu mipana, lililokuwa limepitwa na wakati ndiyo kwanza likaruhusiwa. Polikarpo alijipaka mafuta mpaka shingo ikang'aa. Walifika mapema, wakapata mahali mbele kabisa, hatua chache tu kutoka jukwaani, na Benedikto aliziona spika zimepangwa moja juu ya nyingine kama makreti ya bia. Zaidi ya miaka kumi alikuwa ameisubiri siku hiyo, na sasa Sadallah alitoka na kusimama palepale, mfupi kuliko alivyodhani, na kipara kimeanza.

Bendi ilianza kwa nyimbo za kuchangamsha, na Benedikto alicheza. Besi ilimwingia tumboni, ngoma zilimpanda miguuni, mwimbaji alimsikia japo maneno yalikuwa yanakatika. Watatu hao waliongea kwa midomo katikati ya makelele huku wenzao ukumbini wanapigiana kelele masikioni, na walijiona wajanja. Hayo ndiyo yalikuwa mambo matamu ya siku hiyo, na yalikuwa matamu kweli. Sesilia alimwona mumewe anacheka kama wakati anamposa, akageuza uso pembeni.

Kisha mwimbaji akarudi nyuma. Ngoma zikanyamaza. Watu walijua kinachokuja, ukumbi ukatulia, na Sadallah akasogea mbele peke yake, akafumba macho, akaweka vidole kwenye nyuzi.

Vidole vilitembea. Vilipanda shingo ya gitaa mpaka juu kabisa, vikatetemeka pale, vikashuka. Benedikto aliviona vyote, hata kucha. Hakusikia kitu.

Akamtazama Polikarpo, na Polikarpo naye alikuwa amekunja uso, anamtazama Gregori.

"Chombo kimekufa," Polikarpo alisema kwa midomo.

"Waya umechomoka," Gregori akajibu. "Mwenyewe hajui, kafumba macho."

Benedikto aliachia pumzi. Raha iliyomshika pale haina mfano, na ni vigumu kuisimulia bila kumhurumia. Si masikio yangu, aliwaza. Sote watatu hatusikii, basi si masikio. Karibu acheke. Alijiona kama mtu aliyeitwa mahakamani akakuta kesi si yake. Hata Polikarpo alipoanza kupiga ukelele kwamba washike waya, gitaa halitoki, wanadanganya watu, yeye alimpigia makofi ya kumuunga mkono, na Gregori akaweka mikono mdomoni akapaza naye.

Ndipo alipoona watu wanavyowatazama. Hakuna mwingine aliyekuwa anadai gitaa. Mwanamume mmoja aliwatolea macho na kuweka kidole mdomoni. Dada mmoja karibu na nguzo alikuwa amejikumbatia anayumba pole pole, na nyuma yake watu walikuwa wamefumba macho kama Sadallah mwenyewe. Hawakuwa watu waliodhulumiwa wimbo.

Benedikto akageuka kwa mkewe. Sesilia alikuwa anamngoja, machozi yanamtiririka, amemkabili sawasawa kama alivyozoea. Hakupaza sauti.

"Linalia, Bene," alisema kwa midomo. "Linalia tangu mwanzo."

Yeye akauliza, kwa midomo vilevile, kama ana hakika. Sesilia akaitikia. Akauliza tena limefika wapi sasa, na mkewe akainua mkono wake taratibu, akauacha juu, kisha akaanza kuushusha. Ulipofika usawa wa kifua ngoma ziliingia, na hizo Benedikto alizisikia vizuri sana.

Polikarpo alikuwa ameshapanda jukwaani kutafuta waya. Mabaunsa walimshusha kwa kola, wakamtoa nje, wakamtoa na Gregori aliyekuwa anawaomba wawe waungwana. Watu walicheka, wakasema walevi hao, na watatu wale hawakuwa wameonja hata chupa. Benedikto aliwafuata nje bila kushikwa na mtu. Nyuma yake bendi aliyoingojea ujana wake wote iliendelea kupiga.

Njia nzima mpaka Chang'ombe Polikarpo alifoka. Bendi za siku hizi zimeoza, alisema, zinachukua kiingilio cha wafanyakazi na vyombo vibovu. Gregori alisikitikia kola ya mwenzake. Benedikto alitembea katikati yao akiitazama midomo yao, na kwa mara ya kwanza alifahamu kwamba alikuwa anaitazama hata hapa barabarani, mahali tulivu kabisa, na kwamba na wao walikuwa wanatazama ya kwake. Sesilia alitembea nyuma. Alingoja mumewe awaambie wenzake ukweli.

Jumatatu, kabla zamu haijafika nusu, banda zima lilikuwa na habari kwamba Tufani ni matapeli. Habari ilipita kwa midomo kutoka mashine hadi mashine, na kila ilikofika ilikubaliwa. Wafumaji wa zamani walitikisa vichwa kwa uchungu. Mmoja alisema hayo yeye aliyaona mapema, hata redioni magitaa yameacha kutoka siku hizi, ni vyombo duni vinavyoletwa. Mwingine akasema ni kweli, hata kengele ya kanisa si ile. Benedikto alisimama kwenye mashine yake akiwatazama wenzake, uso baada ya uso, wote wakitafuna hewa na kukubaliana, na woga aliousikia hapo ulikuwa mkubwa kuliko wa jana.

Polikarpo akamwita kwa mkono. Alitaka shahidi.

"Wewe ndiye uliyekuwa karibu kuliko sie wote," alisema. "Waambie hawa. Lile gitaa lilitoa sauti?"

Midomo ya banda zima ilitulia kumngoja. Angeweza kusema. Maneno alikuwa nayo, na watu wale walikuwa ndugu zake wa zamu, watu wa kuchangiana sanda. Alimtazama Polikarpo, lile jitu lenye hasira na uso wa mtu aliyeonewa, uso usio na hofu hata chembe.

"Halikutoa," alisema Benedikto.

Jioni Sesilia hakumwekea maji ya kuoga kwanza kama kawaida. Alikuja akasimama mbele yake, akamuuliza kama amewaambia wenzake.

"Sikuwaambia."

"Rafiki zako hao, Bene. Waende hospitali kubwa, nawe uende nao. Pengine kuna la kuokoa."

"Mie nitakwenda," alisema. "Lakini kwao bado gitaa ndilo bovu. Waache walale nalo hivyo kidogo."

Sesilia alitaka kubisha, akaacha. Benedikto alikwenda dirishani akazikusanya betri zake, za moto bado kwa jua, akazitia kwenye redio na kuiweka upande wa mkewe wa kitanda. Alikaa akimkabili. Akamwomba amwambie sauti itakapofika ya kumtosha yeye Sesilia, mtu mwenye masikio yake.

Alianza kuipunguza sauti. Mwimbaji akaondoka, ngoma zikafuata, mwisho hata besi ikamtoka. Aliendelea kuzungusha kitufe kidogo kidogo, macho kwenye uso wa Sesilia, mpaka ukimya ukawa mtupu kabisa.

"Hapo," Sesilia alisema kwa midomo. "Hapo panatosha."