Unga wa Kinyonga

Kinyonga wa binti yangu anakula vizuri kuliko mimi. Asubuhi panzi wake wanapata mchicha na majani ya maboga, na kipande cha karoti nikijaliwa kwenda sokoni, kwa sababu binti amesoma mtandaoni kwamba mdudu lazima ashibishwe kwanza ndipo aliwe. Panzi wanakaa kwenye ndoo yenye matundu, wanatafuna, mimi nimekaa pembeni yao na chai ya rangi na kiporo cha ugali.

Alimwokota baada ya msiba wa mama yake. Tulikuwa tumetoka kuzika Nkowe, kwa watu wa mke wangu, tukarudi hapa Mtua, nyumba imepoa. Watoto wa jirani walikuwa wanampiga kinyonga mawe uani. Binti akatoka mbio, akawafukuza, akambeba juu ya kijiti. Akamtengenezea banda kwa fremu ya kitanda cha mama yake, akalizungushia chandarua. Hilo la kitanda liliniuma, lakini nilimshikia misumari.

Likizo ikaisha, akarudi kazini Dar es Salaam, na alikopanga hawataki mnyama wa aina yoyote. Siku ya kuondoka, pale stendi, alinishika mikono yote miwili. Nikadhani kuna neno anataka kuniambia.

"Baba," akasema, "usimpe wadudu wa kwenye mikorosho."

Ni kwa ajili ya dawa. Msimu wa kupulizia ukifika, mikorosho yote huku inanuka salfa, na mdudu aliyelala chini yake si mdudu wa kumpa mtu unayempenda. Mimi niliona ni mikogo ya watoto wa siku hizi. Siku moja nilichoka kuzunguka, nikampa nyenje niliowaokota chini ya mkorosho wangu mwenyewe. Kesho yake kinyonga alikuwa mweusi, mdomo wazi, kaanguka sakafuni mwa banda. Nilipomwonyesha binti kwenye simu, alilia kwa sauti. Siku tunamzika mama yake sikuona chozi lake; alikuwa anazunguka na birika, anawamiminia wageni chai.

Kinyonga alipona. Lakini tangu hapo ikabidi nitafute wadudu mbali na mashamba, na mbali na mashamba ndiko aliko Msukuma na ng'ombe wake. Huyu bwana alihamia kutoka kanda ya Ziwa, na mwaka aliokuja ng'ombe wake waliingia kwenye ufuta wangu. Nilimtukana mbele ya mtendaji wa kijiji, matusi mengine hata sikujua kama ninayajua. Sasa ndiye niliyekuwa ninamfuata nyuma na kipande cha chandarua kwenye fito, maana ng'ombe wakipita kwenye majani panzi wanaruka kila upande.

"Mzee, unatafuta nini huku?"

"Panzi."

"Wa kula?"

"Wa kulisha."

Hakuuliza tena. Akawa anawapitisha ng'ombe taratibu kwenye majani mazito ili nipate. Baadaye akaanza kuniletea maziwa jioni. Wengine walikuwa wameshanikimbia. Mama mmoja jirani, aliyekuwa ananiletea kisamvu tangu nifiwe, siku hizi anasimama barabarani na kupaza sauti: "Mzee, huyo mdudu utamtoa lini? Mimi humo ndani siingii ng'o." Kisamvu kikaishia huko huko barabarani.

Kisha ukaja mzigo. Binti alipiga akasema ametuma kitu kwenye basi, niende stendi ya Nachingwea kuchukua. Nilikuwa nimemlalamikia magoti wiki ile. Nikavaa shati la Ijumaa, nikapanda bodaboda, njia nzima najiambia kumbe mtoto alinisikia. Kondakta akanipa boksi. Ndani mlikuwa na makopo mawili. Unga mweupe ni wa mifupa, ili miguu ya kinyonga isipinde. Apewe kila anapokula. Unga wa manjano ni vitamini, Ijumaa tu, ukizidi unamdhuru. Unaweka wadudu kwenye mfuko, unatia unga kidogo, unatikisa mpaka watoke weupe kama maandazi yaliyopakwa sukari. Ndiyo maelekezo niliyopewa. Kuhusu magoti hapakuwa na maelekezo. Sitaficha, asubuhi moja nilitia unga ule mweupe kwenye uji wangu. Ulikuwa na ladha ya chaki.

Alikuwa anapiga kila jioni, kwa video. Kamera ya mbele ya simu yangu ilishakufa, nikamwambia, akasema, "Si neno baba, ya nyuma inatosha, namwona vizuri kabisa." Kwa hiyo alikuwa anamwona kinyonga, ukingo wa banda, na vidole vyangu. "Shikamoo baba. Amekula? Umempakia unga? Mbona macho yamezama, umemnyunyizia maji?" Nikimaliza kujibu, "Haya baba, usiku mwema." Habari ya kuhamishwa kazi niliipata kwa mjomba wake wa Nkowe. Ya kuchumbiwa pia. Kwetu mjomba ana kauli kwa mtoto, sibishi, lakini hata yeye alinipigia akiwa ameshawaambia wote.

Nikaweka nadhiri ya kijinga. Siku atakayoniuliza, "Na wewe umekula?" nitamwambia yote: magoti yanavyozidi, nyumba ilivyo, na kwamba kitanda kile nilikuwa bado nakitaka. Lakini aanze yeye. Mimi ni baba yake.

Mara homa ikanishika. Nilikuwa kitandani natetemeka pale Msukuma alipoingia na maziwa, na simu ikaanza kuita. Nikamwonyesha kwa mkono: ipeleke kwa kinyonga. Alishaniona nikifanya mara nyingi. Akapokea, akasimama mbele ya banda, na mimi nasikia kila kitu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu."

Sauti nzito, Kiswahili cha Ziwa ambacho mtoto wa huku angekijua hata usingizini. Nikasubiri ashtuke.

"Amekula?"

"Amekula vizuri."

"Umempakia unga?"

"Nimempakia."

"Haya baba, usiku mwema."

Msukuma aliingia chumbani ameishika simu kama yai. "Mzee, ameniamkia mimi. Nilidhani atajua." Nikageukia ukutani.

Nilipopata nafuu ningeweza kupokea mwenyewe. Sikutaka. Simu ilipoita nilimpa yeye.

"Mzee, hii haijakaa vizuri. Huyu ni mtoto wako."

"Shika. Tuone atajua lini."

Ikawa ndiyo kazi ya kila jioni. Yeye anasimama na simu, mimi nimekaa kizingitini na hasira zangu. Ila Msukuma hawezi kujibu tu na kunyamaza, hakulelewa hivyo. Alianza kumuuliza binti mambo. Umeshindaje, mwanangu? Kazi zinaendaje? Huko mvua zimenyesha? Jioni ya kwanza binti aliaga haraka, kama mtu aliyekosea namba. Baadaye akaanza kujibu. Bosi wake ana kisirani. Chumba kinavuja. Usiku anamwota mama yake, amekaa kwenye kile kitanda, na anaogopa kumwambia mtu. Niliyasikia yote hayo nikiwa nimeinamia magoti yangu. Mimi sikuwahi kumuuliza. Nilikuwa nasubiri niulizwe.

Juzi kinyonga alikula vizuri. Ulimi ulitoka, ukarudi na panzi mweupe kwa unga, taya zikawa zinasaga polepole. Binti akacheka. Nikajua sasa inakuja usiku mwema, nikaanza kujinyanyua nikachukue simu yangu.

"Na wewe baba," akasema, "umekula?"

Nilisimama. Magoti yalilia. Mdomo ulikuwa umeshafunguka na maneno yote yapo, ya tangu msiba, yamejipanga kooni. Msukuma alinitazama, akasubiri. Nilikuwa nimemkataza mwenyewe asinitaje, na sasa nikatafuta pa kuanzia, nisionekane nilikuwa nimejificha mlangoni kwangu siku zote hizi nikimsikiliza mtoto wangu. Sikupaona.

"Nimekula, mwanangu," Msukuma akasema, maana kweli alikuwa amekula. "Usiwe na wasiwasi."

"Haya baba. Nilikuwa nawaza tu."

Simu ikakatika. Akanirudishia, akachukua kidumu chake cha maziwa, akaenda. Nikaichomeka simu kwenye chaji, nikafunika ndoo ya panzi. Mimi nilikuwa sijala tangu asubuhi.