Chombo Kitupu Kilisema Nini?

Nakumbuka vizuri, mwanangu, asubuhi niliyotoka maabara na karatasi moja yenye grafu, nikijiona msomi kuliko wote waliowahi kuzaliwa mkoani Mara. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Sasa nimestaafu, naishi hapa Kigera, magoti yananisumbua, lakini karatasi ile bado naiona.

Kazi yangu ilikuwa kupima udongo. Nilikusanya udongo Bunda, Butiama na kijijini kwetu upande wa Mugango, nikaupeleka chuoni, mbali, nijue una mionzi kiasi gani. Usishtuke. Udongo wote una mionzi kidogo ya asili, hata huo tunaolimia mihogo. Tuliukausha, tukauponda, tukauchekecha, tukaufungia kwenye chombo cha plastiki karibu mwezi mzima, ndipo tukauweka mbele ya kigunduzi cha jemaniamu.

Mwanangu, sijaona kifaa cha ajabu kama kile. Ndani yake kuna kipande cha jemaniamu safi kinachoenea kiganjani. Miale ya gama haionekani wala hainuki, lakini ikikigonga, kinapima nguvu ya kila mwale. Vigunduzi vya zamani vilikuwa vinachanganya mambo: vilele viwili vikikaribiana kwenye grafu, unaona mlima mmoja. Jemaniamu inavitenganisha, kila kimoja kinasimama chembamba peke yake, nawe unasoma: hiki cha potasiamu, hiki cha ukoo wa urani, hiki cha thoriamu. Baba yangu alikuwaga anamjua kila ng'ombe wake kwa mlio tu, yeye akiwa ndani. Nilipokiona kigunduzi kile nilimkumbuka.

Ila kinataka baridi kali. Kisipopozwa kwa naitrojeni ya kimiminika, joto lenyewe linakivuruga, hakisikii kitu. Aliyekitunza alikuwa Mzee Majura, fundi wa maabara, mtu wa Bunda, mpole, mwenye koti la bluu lililofifia. Shahada hakuwa nayo. Lakini kila baada ya siku chache alikijazia naitrojeni, na hata Krismasi alipita maabara kwanza, ndipo aende kula na wanawe. Yeye ndiye aliyenifundisha.

"Kabla ya udongo, pima chombo kitupu," aliniambia. "Kiache siku nzima. Ujue kwanza kigunduzi kinaona nini pasipo udongo wako."

Niliona ni kupoteza siku. Wahenga walisema akili nyingi huondoa maarifa, na mimi akili nilikuwa nazo nyingi mno.

Mzee Majura akaenda likizo, akaniachia kazi ya kujaza naitrojeni. Nikakirekebisha kigunduzi kwa kipande kidogo cha seziamu, mviringo kama kifungo cha shati, ambacho nguvu ya miale yake tunaijua. Kisha moja kwa moja nikaweka udongo wa kwetu. Kesho yake nikakuta kilele cha seziamu kirefu kuliko vyote. Na seziamu ile haizaliwi ardhini. Hutoka kwenye mitambo ya nyuklia na mabomu. Moyo ulinienda mbio, na nikuambie ukweli, haikuwa hofu. Ilikuwa furaha. Nilidhani nimegundua kitu.

Wiki hiyohiyo nikasafiri hadi nyumbani. Mjomba Masatu alikuwa mwenyekiti wa kamati ya kujenga darasa, na tope la matofali walilichota palepale nilipochukua udongo wangu. Nikamwonyesha grafu, nikamwambia tope lile lina mionzi ya hatari.

"Una hakika?" akauliza.

"Mjomba, mashine haidanganyi."

Aliniamini, kwa sababu mimi ndiye msomi wao. Siku hiyo kazi ikasimama. Matofali mabichi yakaachwa wazi, hakuna aliyetaka kuyagusa ayafunike nyasi. Mvua ikapiga siku tatu, yakarudi kuwa tope. Maji ya kuyafyatulia akina mama waliyabeba kichwani kutoka ziwani.

Niliporudi chuoni Mzee Majura alikuwa amesharudi likizo, nikampelekea karatasi yangu nikitabasamu. Aliitazama, akauliza.

"Chombo kitupu kilisema nini?"

Nikakiri kwamba sikukipima.

Tukapima chombo kitupu. Kilele kikasimama vilevile. Mzee akafungua kasha zito la madini ya risasi linalozunguka kigunduzi, akapitisha mkono nyuma ya kibao cha kuwekea chombo, akatoa kile kifungo cha seziamu. Nilikisahau mwenyewe humo ndani. Akakiweka mezani taratibu.

"Binti yangu, kigunduzi kimesema kweli. Kimeona seziamu, na seziamu ilikuwepo. Wewe ndiye hukuuliza iko wapi. Umemwambia nani?"

Nikamweleza habari ya matofali. Akavua miwani, akakaa.

"Pima upya. Ukimaliza, uende ukawaambie mwenyewe. Barua haitoshi."

Nikapima upya, chombo kitupu siku nzima, udongo siku nzima. Udongo wa kwetu ulikuwa wa kawaida kabisa, sawa na wa Bunda na Butiama.

Jumapili, baada ya ibada, nikasimama mbele ya watu nikasema yote. Mjomba alikuwa anatazama chini. Mama mmoja, Mama Nyamisi, akauliza, "Kwa hiyo tope letu ni zima?"

"Ni zima, mama. Kosa ni langu."

"Na matofali yetu je?"

Maji yakimwagika hayazoleki. Jumatatu nikafunga kanga kiunoni, nikaingia shimoni kukanda tope. Siku tatu hakuna aliyenisemesha. Siku ya nne Mama Nyamisi akanipa kikombe cha uji.

"Unakandaga kama mtu wa mjini," akasema. "Ongeza maji."

Watu wakacheka, na mjomba akacheka. Darasa lilikwisha, lakini kwa kuchelewa mwaka mzima, maana matofali mapya hayakukauka mpaka mvua zilipoisha. Watoto wa mwaka ule walisomea nje, na hilo sijalisahau.

Basi mwanangu, shika haya. Kifaa kizuri kiheshimu, lakini kinajibu tu ulichokiuliza. Kabla hujatangaza ulichokiona, tafuta kwanza ulichokileta wewe mwenyewe. Furaha ya kugundua ni tamu. Iache ipoe ndipo ufungue mdomo, maana heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Wasikilize wenye mikono inayoijua kazi, hata kama vyeti hawana. Na ukikosea, usimtume mtu akuombee radhi.

Mungu akupe macho makali na ulimi mzito. Akupe wakubwa wa kukukemea bila kukuaibisha. Na kazi ya mikono yako iwafae watoto usiowazaa.