Watoto wa Usangu Niliowapimia Ipogolo

Mhariri, jina langu lifunike, na la mhadhiri wangu pia, maana pamoja na yote yeye ndiye aliyenitoa jikoni kwa dada. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na sita, Mhehe, sijaolewa, nakaa Ipogolo hapa Iringa kwa dada yangu. Watu wananiita mkali. Sawa, ni mkali, lakini jambo hili limenifunga mdomo.

Miaka miwili iliyopita mhadhiri huyo wa chuo kikuu alikuja kutafuta msichana aliyesoma wa kumsaidia utafiti. Alitaka kujua afya ya watoto wa wafugaji waliohamia bonde la Usangu, upande wa Mbeya, kutoka kaskazini. Akanipa daftari na mzani wa kuning'iniza, ule wa ndoana wenye kikapu cha turubai ambamo mtoto anakaa. Nipime watoto sitini wa kijiji kimoja, niandike jina, umri na kilo. Yeye akarudi chuoni.

Kijijini nilipokewa vizuri, mama mmoja, Mama Limi, akanipa chumba. Siku ya kwanza nikapima watoto tisa. Wa tisa alikuwa na homa tangu kabla sijafika, na kesho yake akafariki. Basi, ikawa mwisho. Kila nyumba niliyopita, mama kamfunga mwanawe mgongoni kwa khanga mbili, na maneno ni yale yale: mzani ule una mkosi. Mama Limi ndiye aliyeniambia waziwazi: "Mwanangu, hatukuchukii. Ila kwenye ndoana sisi tunatundika nyama. Watoto wetu hatuwatundiki tena."

Ningeweza kukaa nao wiki mbili tatu, waniamini. Ningeweza kuomba mzani wa kusimama, mama apande na mtoto, kisha apande peke yake, nitoe hesabu. Hilo nimelijua baadaye na linaniudhi mpaka leo. Siku ile nilikasirika tu, nikaona wananiharibia kazi. Nikaandika majina yaliyobaki, hamsini na moja, kwa kumwuliza balozi wa nyumba kumi, halafu nikapanda basi.

Ipogolo nikatundika mzani kwenye boriti ya jikoni kwa dada. Nikapima wanawe, nikapima wa majirani, nikapima mpaka wa wanakwaya wenzake wa kanisani, watoto wanaoshiba ugali na maharage kila siku. Kila kilo niliyosoma nikaiandika mbele ya jina la Usangu. Kitindamimba wa dada, mnene huyo hata kumbeba kazi, nikamfanya kuwa Limi, binti wa mwenyeji wangu. Kilo kumi na nne. Dada alikuwa anacheka. "Hivi na huko chuoni wanataka kujua mwanangu anakula nini?" Nikamwambia ndiyo, wanataka.

Msidhani nilimficha mhadhiri. Alipokuja kuchukua daftari nililia, nikamweleza yote. Akalifungua, akalisoma ukurasa kwa ukurasa. Kisha akasema, "Usilie, binti. Namba zimekaa vizuri, na makala yangu inasubiriwa. Muda wa kurudi kule hatuna."

Makala ikatoka kwenye jarida la chuo, naye akapanda cheo. Iliandikwa kwamba watoto wa wafugaji wale wana afya nzuri kwa sababu ya maziwa. Maziwa gani? Kiangazi ng'ombe wanapelekwa mbali kutafuta majani, watoto wanabaki na ugali na mlenda. Kliniki ya watoto iliyokuwa ijengwe pale, wakubwa waliosoma makala ile wakaona haina haraka, wakaipeleka kwingine. Na mimi nikapata barua ya kuingia chuoni mwakani, kwa sifa alizoniandikia yeye.

Sasa chuo kimeamua kukagua. Mtafiti mwingine alipita kijiji kile, namba zake na zetu hazikaribiani hata kidogo. Mwisho wa mwezi watu wawili wa kamati wanakuja Iringa na lile daftari kuniuliza. Mhadhiri amewatangulia. Alikaa sebuleni kwa dada, chai hakuigusa, amekonda, nikamwonea huruma.

"Sema uliwapima wote," akaniambia. "Mwandiko ni wako, binti, si wangu. Ukisema vingine tunazama wawili, na chuoni huingii."

"Na kijiji, Mzee?"

"Kijiji kitapata kliniki siku moja."

Nilikuwa karibu kukubali, nakiri. Jumamosi nikaenda Mbeya kwa shangazi kupumzisha kichwa, na pale sokoni Mwanjelwa nikamwona Mama Limi. Alikuwa ameshuka kwenye lori na Limi mgongoni, wanaelekea hospitali, safari ya siku mbili. Nilitaka kujificha nyuma ya magunia, akawahi kuniita. Akanipa mtoto nimshike achague ndizi. Limi sasa ana miaka minne. Mikono yangu haikuhitaji mzani: kilo kumi na moja hazifiki.

Mama Limi akanishika bega. "Mwanangu, tulikukosea sana siku ile. Tulikukatalia watoto, ndiyo maana kliniki haikuja. Nimewaambia wenzangu, wamekubali. Ule mzani bado unao? Rudi utupimie, tutawatundika."

Nilimwambia zile ndizi zimeiva mno, achague nyingine.

Mzani uko pale pale jikoni, dada anatundikia vitunguu. Nikisema kweli, namwangusha aliyeniinua na barua yangu inachanwa. Nikinyamaza, mama yule ataendelea kujilaumu kwa kosa langu, na Limi ataendelea kupanda lori. Ninyi mnaosoma ukurasa huu, semeni nami kabla mwezi haujaisha. Wale wawili wakifungua daftari na kuweka kidole kwenye jina la Limi, niwajibu nini?