Kijani cha Heshima

Jina la Kiguu alipewa na mama yake mwenyewe, na kampuni nzima ikalidaka. Mama husema hata alipokuwa mchanga alikuwa akilala huku miguu inatembea. Ukimkaribisha kiti, anakaa upande mmoja tu, nusu ndani nusu nje, kama mtu aliyeacha sufuria motoni. Kwa hiyo kazi aliyokuja kuipata ilimkaa kama kiatu cha kupimwa. Alikuwa karani wa ripoti katika kampuni ya ujenzi, na kila wiki alizunguka majengo yote kuona kazi imefikia wapi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi, tuelewane mapema. Kila nyapara alikuwa na simu, na ndani ya simu kulikuwa na programu ya kupangia kazi. Msingi, kuta, paa, rangi, kila kitu kilikuwa na kitufe chake. Nyekundu maana yake haijaanza, njano inaendelea, kijani imekwisha. Ofisini nako mkurugenzi alikuwa na programu nyingine ya kuchorea takwimu, inayomwonyesha kampuni yake yote kwenye kioo kimoja kama mtu anayejitazama kabla ya kwenda harusini. Kati ya programu hizi mbili hapakuwa na daraja. Daraja lilikuwa Kiguu. Alisoma huku, akanakili kule, kila jioni mpaka macho yakamwasha, kisha akaituma ripoti kwa mkurugenzi na kwa wateja.

Ila kulikuwa na jambo moja alilolifanya njiani ambalo halikuandikwa popote.

Manyapara walikuwa na tabia ya kubonyeza kijani mapema. Usiwaite waongo, walikuwa watu wa adabu. Mkurugenzi ni mtu mzima, ana presha, na kumwekea wekundu mbele ya macho waliona ni kama kumpokea mgeni nyumba haijafagiwa. Kwa hiyo kazi ikishakaribia wanaipa kijani, halafu wanaikimbiza kufa kupona. Ni sawa na yule anayekwambia kwenye simu "nimeshafika" na kumbe bado anatafuta soksi. Kiguu aliwajua vizuri. Kijani cha namna hiyo alikiita moyoni kijani cha heshima. Alifika, akagonga ukuta, akatikisa mlango, na akirudi ofisini alikishusha kikawa njano, kimya kimya, bila kumwaibisha mtu. Nyapara hakuuliza, mkurugenzi hakujua, na mishahara ilitoka.

Kisha mama akapata kiharusi.

Alirudi kutoka hospitali na mguu wa kulia uliolala. Mtaalamu wa mazoezi hakuzungusha maneno. Mama atembezwe kila jioni, ashikwe mkono, na miezi hii ya mwanzo ndiyo yenyewe. Ikipita bure, mguu utazoea uvivu na hautasikia tena la mtu. Dada yake Kiguu, anayekaa na mama, alikuwa na zamu ya jioni kwenye kiwanda cha mikate.

"Wewe una miguu mpaka ya akiba," dada akamwambia. "Mama hana hata wa kuazima. Jioni ni zako."

Ndipo Kiguu alipokwenda kwa mwanadada wa kompyuta, msichana mcheshi aliyekuwa akila karanga mezani huku amekatazwa. Akamwomba azifanye zile programu mbili ziongee zenyewe.

"Mbona rahisi, kaka. Nyapara akibonyeza huku, takwimu zinabadilika kule. Alhamisi alasiri ripoti inajituma yenyewe kwa bosi na kwa wateja. Wewe unakaa unakula karanga." Akageuka, akamtazama. "Lakini niambie ukweli. Wewe hapo katikati kuna kitu unabadilisha, au unanakili tu?"

Kiguu alisimama, akakaa, akasimama tena. Kusema ndiyo ilikuwa kuwaanika manyapara wote, na yeye mwenyewe juu yao.

"Nanakili tu," akasema.

"Basi tayari."

Alhamisi ya kwanza ilimkuta uani kwa mama, amemshika kwapani, wanakwenda hatua za kinyonga kuelekea bombani. Mguu ule mbovu hata kiatu haukuweza kukishika, ilibidi Kiguu akifunge kwa kitambaa. Mkono wake ulikuwa kwa mama lakini macho yalikuwa kwenye mfuko wa shati. Simu ikalia. Akaitoa kwa mkono wa pili.

Ripoti ilikuwa imejituma. Yote ilikuwa kijani, juu mpaka chini, kama shamba la mpunga.

Miaka yote ya kazi hajawahi kuona ripoti ya kijani tupu. Akatafuta jengo moja tu, shule ya chekechea ya ghorofa moja. *Vyuma vya kushikia ngazi: imekwisha.* Chini yake kulikuwa na jibu la mwalimu mkuu, lenye furaha tele. Asanteni sana, kesho asubuhi tunawaleta watoto waone madarasa yao mapya.

Juzi tu Kiguu alikuwa amepita pale. Vile vyuma vilikuwa vimelala sakafuni.

"Mbona umesimama?" mama akauliza.

"Hakuna kitu, mama. Twende."

Akampigia nyapara, simu haipokelewi. Akampigia mwalimu mkuu, simu imezimwa. Wakaenda hatua mbili, akapiga tena. Mama akasimama mwenyewe.

"Mwanangu, miguu yako imeshaondoka, umeniachia kiwiliwili tu. Nenda."

"Na mazoezi?"

"Nitatembea na jirani. Mimi si mtoto."

Akamrudisha kitini, akamfungua kiatu, akakiweka kwenye kizingiti. Akamwita jirani amwangalie, kisha akatoka mbio bila kufunga geti.

Pale shuleni alimkuta nyapara anaosha miguu kwenye ndoo, jembamba la mtu, anapiga mluzi.

"Kiguu! Nilisikia siku hizi umekuwa bwana mkubwa, unakaa."

Kiguu alipanda ngazi, akaushika ule mhimili wa juu, akautikisa. Ukacheza kama jino la mtoto. Vyuma vilikuwa vimesimamishwa na kufungwa kwa waya, basi.

"Hiki ndicho kijani?"

"Fundi wa kuchomelea anakuja Jumamosi."

"Watoto wanakuja kesho! Mwalimu ameletewa ripoti."

Nyapara akaacha mluzi. Akatazama ngazi, akatazama ndoo. "Lakini wewe si huwa unapita, unaishusha? Mimi nabonyeza nikijua unapita."

Lile neno lilimwingia Kiguu kama maji ya baridi mgongoni. Kumbe walijua. Kumbe miaka yote wamekuwa wakibonyeza wakimtegemea yeye, naye ameondoka katikati bila kuaga.

Alizunguka nyumba ya kwanza, ya pili, mpaka akaonyeshwa anapokaa mwalimu mkuu, akamweleza mlangoni, jasho linamtiririka. Mwalimu akaahirisha, kwa uso wa kununa lakini akaahirisha. Kutoka hapo akampigia mwanadada wa kompyuta.

"Nilikudanganya. Nilikuwa nabadilisha."

Karanga zikasikika. "Kaka, si nilikuuliza?"

"Uliniuliza."

"Sasa nikurudishe katikati?"

Kiguu akafikiria uani, na kile kiatu kwenye kizingiti. "Hapana. Nikirudi katikati, mama yangu hatembei."

Nyapara, aliyekuwa amemfuata nyuma kama mbuzi wa kufungwa, akakohoa, akaiinamia simu. "Tatizo lenu mmetupa rangi tatu tu. Njano ukiiacha wiki nzima unaonekana mzembe. Kijani ni uongo. Tupeni rangi ya yule anayesema ameshafika na bado anavaa soksi."

Mwanadada alicheka mpaka akapaliwa. "Bluu," akasema alipopata pumzi. "Bluu maana yake karibu kwisha, bado kukaguliwa. Kijani haitokei mpaka mtu wa pili aende kutikisa, na ripoti haimfikii mteja bila hivyo. Na wewe kaka, kesho tunaingia kwa bosi wote wawili. Mimi sibebi hili peke yangu."

"Tutaingia," alisema Kiguu.

Alirudi kwa mama giza likianza kuingia. Mama alikuwa palepale kitini, mikono mapajani, amejikaza.

"Umetembea, mama?"

"Nimeshatembea. Na jirani. Mpaka bombani na kurudi."

Kiguu akatazama kizingiti. Kiatu kilikuwa pale alipokiweka, na kitambaa juu yake kama alivyokikunja. Akachuchumaa mbele ya mama.

"Mama. Hiyo ni kijani, au bluu?"

"Bluu ndiyo mdudu gani?"

"Bluu ni mtu ambaye hajamaliza, lakini hataki kukusikitisha."

Mama alitazama pembeni, akatazama mguu wake. Alikuwa ameogopa kuanguka mbele ya jirani. Hakulisema, lakini lilionekana.

"Basi niandikie bluu," akasema. "Na usimwambie dada yako."

Akamvisha kiatu, akakifunga, akamwinua. Mfukoni simu ikaanza kulia tena, pengine mkurugenzi, pengine nyapara. Kiguu akapapasa mfuko.

"Mkono huo ni wangu," mama akasema.

Simu ikalia mpaka ikachoka. Miguu yake Kiguu ilikuwa ikimwasha ndani ya viatu, inataka kukimbia mahali, popote, na ikabidi aizuie, hatua moja, asubiri, hatua nyingine, asubiri. Karibu na bomba, ule mguu uliolala ukainua kisigino kidogo, wenyewe, kabla mama hajauvuta.

"Umeona?" mama akauliza, pumzi juu juu.

"Nimeona, mama. Inua tena."