Mwanzi Aliouachia

Leo bibi kafungua kichupa cha dawa ya kuchua, na ile harufu ikanirudisha utotoni.

Binamu yangu alipinda mwanzi mchanga kwenye mianzi ya bibi ya kugema pombe ya ulanzi, akauachia mimi nikipita. Ulinipiga kichwani, nikaanguka, nikatapika. Akamwambia bibi, "Kateleza mwenyewe, kateguka shingo tu." Basi bibi akanichua kwa nguvu, akinigeuza shingo huku na huku. Ikavimba wiki nzima. Binamu alikaa mlangoni akicheka: "Shingo ya bata mzinga!"

Jana binamu huyo kagonga kichwa kwenye mwamba wa goli, shingo ikavimba. Daktari kasema asichuliwe, akandwe kwa kitambaa cha maji baridi, uvimbe upungue. Mama kamnyang'anya bibi kichupa, kanipa mimi kitambaa.

"Weka basi, mdogo wangu, inauma."

Nikakishikilia juu. Mimi, nisiyenyoosha mkono hata darasani.

"Kwanza mwite bibi. Mwambie nani aliuachia ule mwanzi."

Akanitazama sana.

"Bibi," akaita, huku kajishika shingo.

"Kwa sauti," nikasema. "Bibi yuko jikoni, na siku hizi hasikii vizuri."