Mkwe Asiyekuwa na Ukoo

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi kijijini kwetu, upande wa Rubya, nikiishi kwa wazazi wangu kwa sababu nyumba ya walimu ilikuwa haijaezekwa. Mchana nilifundisha watoto, jioni nikawafundisha wazazi wao kusoma. Hiyo ndiyo ilikuwa siasa ya wakati ule, na mimi niliipenda kwa moyo wote. Vitabu vya madarasa ya jioni vililetwa kutoka Bukoba kwa Landrova ya serikali, na dereva wake ndiye niliyekuja kuolewa naye.

Mama yake alikuwa Mhaya, muuza ndizi sokoni Bukoba. Baba yake alikuwa Mhindi, mwenye duka la vitambaa, na alikuwa na mke wake na watoto wake wengine ghorofani juu ya duka. Dereva wangu alilelewa na bibi yake mzaa mama, akabatizwa angali mchanga, akazungumza Kihaya cha wazee, kizuri kuliko changu. Lakini nywele zake zilikuwa zimelala na rangi yake ilikuwa ya maji ya kunde. Wanafunzi wangu walipoiona Landrova walikimbia wakisema Mhindi kaja.

Jumamosi moja gari lilimharibikia, akalala kwa mwalimu mkuu, na Jumapili akaja kusali kanisani kwetu. Siku zile mabenchi mawili ya mbele yaliachwa kwa Wazungu wa misheni, na kwa Wagoa wakitokea mjini. Katekista wetu, mzee mwenye adabu nyingi, alimwona mlangoni, akamshika mkono akampeleka moja kwa moja hadi mbele. Dereva alifika pale, akayatazama yale mabenchi matupu, kisha akamwambia kwa Kihaya, "Kasinge waitu, asante sana, lakini nitakaa na wenzangu." Akarudi nyuma, akajibana upande wa wanaume, bega kwa bega na baba yangu.

Tulipofika nyumbani baba alisema neno moja tu kuhusu mgeni yule. "Anaimba vizuri."

Haukupita muda mrefu dereva akanieleza nia yake ya kunioa, nami nikamwambia mama tukiwa tunamenya ndizi. Hakuacha kumenya.

"Atakuacha," alisema.

"Kwa nini aniache?"

"Maduka yao na majumba yao yamechukuliwa. Kila meli ya Mwanza inaondoka na Wahindi. Siku moja baba yake atamwita, naye atakwenda. Utabaki na watoto wenye nywele za kulala, na hakuna ukoo wa kuwapokea."

"Mama, kanisani tunasema sisi sote baba yetu ni mmoja."

"Nasema hivyo na ninaamini. Lakini sasa nazungumza habari za jikoni. Mwanamke aliyeachwa hapikiwi na Baba Yetu."

 Nilijua mama hakuwa na chuki, alikuwa na hofu, na hofu yake ilikuwa juu yangu.

Nilipokwenda Bukoba kumtembelea dereva wangu, tulipita sokoni pamoja. Wanawake waliacha kupanga ndizi zao wakatutazama. Tulipotoka tukashuka njia ya kuelekea ziwani, akaniuliza, "Unaona haya kutembea na mimi?"

Ningeweza kusema hapana. Nikamwambia, "Kidogo."

Aliendelea kushuka nami. Baadaye akasema, "Afadhali umesema. Wengine waliniambia hapana, kisha wakawa wanapenda tupite njia za migombani."

Nikamuuliza kama anamchukia baba yake. Akaniambia kwamba alipokuwa mdogo, bibi yake alimpeleka dukani kwa mlango wa nyuma. Baba yake alitoka, akampa peremende, akampapasa kichwa, akarudi ndani upesi. Hakuwahi kumtokea kwa mlango wa mbele. Baba huyo alipokuwa anahama nchi kabisa, alituma mtu kumwita bandarini. Mke wake na watoto wote walikuwa pale na mizigo yao. Mzee yule aliwaacha, akaja akampa mkono mbele ya watu wote, akaushikilia mpaka wakaitwa kupanda melini.

"Alisema nini?" nikauliza.

"Hakuweza kusema. Alilia." "Simchukii. Nasali, na kila nikifika pale pa kusamehe, namkumbuka. Siku nyingine inapita vizuri, siku nyingine inakwama."

Hapo ndipo nilipoamua kuolewa naye, ingawa sikumwambia.

Alikuja kuposa na mjomba wake. Sebuleni tulikuwa tumetandika nyasi mpya, na baba akawapa kahawa ya kutafuna kama ilivyo desturi. Mimi na mama tulikuwa nyuma ya mlango. Mjomba alianza kueleza kwa maneno ya kuzungukazunguka, baba akamkatiza kwa upole. "Namuuliza kijana mwenyewe. Ukoo wako ni upi?"

"Sina, Tata. Ukoo mtu anaupata kwa baba, na wangu hakuwa nao wa kunipa."

Nilisikia mama akivuta pumzi.

"Na mwiko wako?" baba akauliza. Kwetu kila ukoo una kitu usichokila, na watu wa mwiko mmoja hawaoani.

Akafikiri. "Nyama siku ya Ijumaa."

Baba alicheka mpaka akajifuta macho. "Basi tuna shida," alisema. "Huo ni mwiko wetu sisi pia. Ukiutaja tena mbele ya wazee watasema wewe ni ndugu yetu, watakunyima binti."

Akapokea pombe yao ya posa.  Mama aliingia jikoni akapakua chakula.

Kilichobaki kilikuwa tangazo la ndoa. Padre wetu alikuwa Mzungu mzee aliyekizoea Kihaya. Alituketisha ofisini kwake, akasema angependa kutaja jina la mama wa bwana harusi peke yake, ili kumwepushia aibu.

"Padre," mchumba wangu akasema, "wengine ukiwatangaza unasema mwana wa nani?"

"Mwana wa baba yake."

"Basi hata mimi."

Padre alimtazama kwa muda. "Nilidhani nakusaidia wewe," alisema. "Labda nilikuwa najisaidia mimi, nisione watu wakigeuka."

Jumapili ile jina la Kihindi likasomwa kanisani, zima, polepole. Watu wakageuka kweli. Nilimtazama mama aliyekuwa pembeni yangu. Aliikazia macho altare, na sala iliyofuata akaiitikia kwa sauti kubwa kuliko mtu yeyote katika benchi letu.

Tulipanga vyumba viwili Kashai, mjini Bukoba. Watoto walizaliwa, na kweli nywele za wawili zililala. Mama alipoanza kuumwa miguu, nilimleta akae nasi apate matibabu. Mkwe na mama mkwe hawakai mahali pamoja kwetu, kwa hiyo tulitundika pazia kati ya vyumba, na walizungumza kupitia pale, mimi nikiwa katikati na kazi zangu za kusahihisha.

Jioni moja mama akasema, "Mkwe wangu."

"Naam, mama."

"Binti yako alikuambia niliyosema siku ile ya ndizi?" Tangu mtoto wetu wa kwanza azaliwe, mume wangu alikuwa akiniita binti yake kwa utani, na utani ule mama alikuwa ameuchukua.

"Aliniambia."

"Ukanyamaza miaka yote?"

"Nilijua unamwogopea yeye. Hata mimi nilikuwa namwogopea. Sikujua mtu anakuwaje baba. Sikuwa nimeona."

Nikasikia mama anageuka kitandani.

"Umeshajua," alisema. Kisha akaomba maji ya moto ya miguu yake, na mume wangu akainuka kwenda kuyachemsha.